Kazi za Ratiba: Kwa Nini Zisianze Zote kwa Mpigo

Katika mifumo ya jamii ya Unix, kama Linux, programu iitwayo cron huanzisha kazi kwa muda uliopangwa. Kila kazi huandikwa kwenye mstari mmoja wenye sehemu tano za muda, yaani dakika, saa, tarehe, mwezi na siku ya wiki, kisha amri yenyewe. Nyota humaanisha "kila".

0 2 * * * /usr/local/bin/nakala.sh

Mstari huu hutuma nakala rudufu kila siku saa nane kamili usiku. Kuwa makini hapa: cron huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, 0 hadi 23. Ukiandika 8 kwa kuwa umesoma "saa nane", kazi itaanza saa mbili asubuhi, na alama umeikosa.

Sasa chukua kompyuta 300 zenye mstari huohuo, zote zikituma nakala kwenye seva moja. Siku nzima seva imekaa tu. Ikifika saa nane usiku inapokea maombi 300 kwa pamoja. Mtandao unajaa, baadhi ya maombi yanakataliwa, na siku faili litakapopotea utakuta nakala yake haipo. Kununua seva kubwa ni gharama. Njia rahisi ni kila kompyuta isubiri kwa sekunde nasibu:

SHELL=/bin/bash
0 2 * * * sleep $((RANDOM \% 1800)); /usr/local/bin/nakala.sh

RANDOM hutoa namba nasibu kati ya 0 na 32767. Alama ya % hutoa baki baada ya kugawanya kwa 1800, hivyo jibu huwa 0 hadi 1799. Amri ya sleep husubiri sekunde hizo. Maombi 300 ndani ya sekunde 1800 ni wastani wa ombi moja kila sekunde 6.

Usisahau mkwaju kabla ya %, kwani bila huo cron huichukulia % kuwa mwisho wa mstari. Wala usiache mstari wa SHELL. RANDOM ni ya bash. Katika baadhi ya sheli nyingine thamani yake huwa 0, na kompyuta zote huanza pamoja kama awali bila ujumbe wowote wa kosa.

Swali: Kutuma nakala huchukua dakika 5. Kompyuta itakayochelewa zaidi itamaliza lini?

Jibu: 2:00:00 + 0:29:59 + 0:05:00 = 2:34:59 usiku. Kama seva huzimwa saa 2:25 kwa matengenezo, badilisha 1800 iwe 1200. Ya mwisho itamaliza 2:24:59.