Damu kwenye choo si amiba kila mara

Hapa Kisangani damu ikionekana kwenye choo, tunasema ni amiba. Tunanunua dawa, damu inakoma, tunasahau. Mara nyingi ni amiba kweli, au bawasiri. Lakini damu inayorudi-rudi inaweza kutoka kwenye polipi, kinyama kidogo kinachoota ndani ya utumbo mkubwa. Nyingi hazidhuru. Zingine, polepole, kwa miaka kumi hivi, hugeuka kansere. Polipi ikionekana mapema, mara nyingi inakatwa palepale, bila kupasua tumbo.

Zamani ilisemwa ugonjwa huu si wetu. Munganga Denis Burkitt, aliyefanya kazi Kampala hadi 1966, alieleza kwamba Waafrika hawaupati sana kwa sababu ya vyakula vyao visivyokobolewa. Wapenzi wa sombe tungefurahi kuishia hapo! Lakini daftari la kansere la Kampala yenyewe limeonyesha kwamba unaongezeka.

Kipimo chake ni kolonoskopi: mpira mwembamba wenye kamera unaingizwa kutoka nyuma. Kwetu si cha kila hospitali, na bei yake inauma, kwa hiyo kisipotee bure. Huko Rockford, Marekani, walichunguza kazi ya wanganga 12, matokeo yakatoka 2006. Waliotumia dakika 6 au zaidi kuutoa mpira huku wakitazama waliona polipi zinazoweza kuleta kansere kwa watu 28 katika kila 100. Wenye haraka waliona kwa 12 tu.

Haraka ya munganga hatuiwezi. Usafi wa utumbo ni kazi yetu, na hapo ndipo wengi wanakosea. Polipi ndogo hujificha chini ya uchafu kidogo tu. Siku mbili tatu kabla, tuache sombe, fumbwa, maharagi na matunda yenye mbegu. Tule wali mweupe, samaki, yai. Siku ya mwisho ni vinywaji tu: maji, chai bila maziwa, supu iliyochujwa. Vinywaji vyekundu hapana, maana rangi yake inafanana na damu. Mama anayemeza vidonge vya kuongeza damu amwambie munganga mapema, kwa kawaida vinasimamishwa juma moja kabla. Pia mwenye sukari au dawa za moyo aulize, asiache mwenyewe. Kujisafisha kwa bomba kutoka chini hakutoshi, kunaosha sehemu ya mwisho tu.

Dawa ya kusafisha hunywewa nusu jioni, nusu saa chache kabla ya kipimo, mara nyingi usiku. Usiimwage hiyo nusu ya pili, ndiyo inayomaliza kazi. Ukikaa parsele yenye choo kimoja, waambie majirani mapema.

Baadaye uliza: mulifika mwisho wa utumbo? Ulikuwa safi? Jibu likiwa hapana, omba tarehe ya kurudi.