Meno: kabla ya kushika pinsi, mwanafunzi anapashwa kujua njia ya neva

Mgonjwa anayekuja kung'olewa gego la chini anaogopa kitu kimoja zaidi ya vingine: sindano isiyoshika. Kwa mwanafunzi wa udaktari wa meno, sindano hiyo ndiyo mtihani wa kweli. Kitabu peke yake hakitoshi, na mkono peke yake hautoshi.

Sababu iko ndani ya mfupa. Taya la juu lina mfupa mwembamba. Dawa ya ganzi ikiwekwa karibu na jino, inapenya. Taya la chini, upande wa magego, ni gumu. Hapo munganga anapashwa kuifuata neva mahali inapoingia mfupani: kitundu kilicho upande wa ndani wa taya, nyuma ya magego. Kitundu hicho hakionekani. Mwanafunzi anakitafuta kwa kidole, kwa alama za kinywani na kwa picha anayobeba akilini. Kwa mtoto, kiko chini kidogo kuliko kwa mtu mzima.

Sindano ikipotea, hasara si maumivu tu. Ikienda nyuma sana, dawa inaweza kufikia neva ya uso: kwa saa kadhaa mgonjwa anashindwa kufunga jicho na mdomo unapinda. Dawa ikiingia katika mshipa wa damu, inaenea mwilini haraka. Ndiyo maana mwanafunzi anafundishwa kuvuta kwanza, kuangalia kama damu inaingia katika bomba, kisha kusukuma polepole.

Fuvu lirudi darasani

Mara nyingi shida ni muda. Anatomia inasomwa miaka ya kwanza. Wagonjwa wanakuja miaka ya mwisho. Katikati, mengi yanasahaulika. Dawa yake ni rahisi: kulirudisha fuvu mezani kabla ya stazhi. Mwanafunzi alishike taya, aonyeshe kwa kijiti mahali neva inaingia na mahali inatokea karibu na kidevu, halafu amweleze mwenzake.

Mkono nao unafundishwa. Vyuo vyenye uwezo vinatumia vichwa vya bandia vyenye meno ya plastiki. Pasipo navyo, meno yaliyong'olewa, yakisafishwa vizuri na kuuawa vijidudu, yanasimikwa katika plasta. Mwanafunzi anajifunza kuegemeza kidole juu ya jino la pembeni ili chombo kisiteleze, na kufanya kazi akitazama kioo kidogo, ambamo kila kitu kinageuka.

Safari ndefu kwa vijana wa mashariki

Kongo ina fakilte ya udaktari wa meno kwenye Chuo Kikuu cha Kinshasa. Kwa kijana wa Goma au Bukavu, ni karibu kilometa 1 500 kwa ndege. Lakini meno yanauma kila mahali: kwa hesabu ya OMS, magonjwa ya kinywa yanagusa watu karibu miliari 3,7 ulimwenguni.

Mgonjwa aliyeumizwa na sindano mbaya harudi mapema. Anangoja, anatafuna majani, uso unavimba. Usaha wa gego la chini unaweza kushuka chini ya ulimi na shingoni, ukaziba njia ya pumzi. Kwa hiyo saa moja ya mwanafunzi na fuvu mkononi si mapambo ya masomo. Inaweza kuokoa maisha ya mtu.