Mhandisi Hana Jinsia: Kupanda na Kushuka kwa Idadi ya Wanawake katika Uhandisi

Neno mhandisi lina asili ya Kiarabu. Katika lugha hiyo mwanamume huitwa muhandis na mwanamke muhandisa, ila Kiswahili kilitwaa umbo moja tu na kulitia katika ngeli ya A-WA, isiyotenga mume na mke. Mwanafunzi wa isimu huenda akashawishika kuamini kwamba lugha isiyobagua huzaa darasa lisilobagua. Takwimu zinamkana. Kwa mujibu wa Ripoti ya Sayansi ya UNESCO ya 2021, takriban asilimia 48 ya wahitimu wa uhandisi nchini Algeria, wanakosema muhandisa, walikuwa wanawake. Marekani, ambako mhandisi wa Kiingereza naye hana jinsia, walikuwa karibu asilimia 20.

Chanzo basi hakina budi kutafutwa nje ya sarufi, na historia ya Marekani ina mengi ya kufunza. Huko mlango wenyewe ulikuwa umefungwa. Chuo cha Georgia Tech kiliwapokea wanawake kuanzia 1952. Caltech haikuwasajili katika shahada ya kwanza hadi 1970. Hata hivyo, mwaka 1943, wanaume walipokuwa vitani, kampuni ya ndege ya Curtiss-Wright iliwafadhili wanawake wasomee uhandisi kwa miezi 10 katika vyuo vikuu 7. Vita vilipokwisha, mpango huo nao ukakoma. Ni bayana kwamba kilichopungua si uwezo wao bali haja ya kuwaita.

Mnamo 1970 wanawake hawakufika asilimia 1 ya waliopata shahada ya kwanza ya uhandisi. Sheria ya 1972 ikapiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayofadhiliwa na serikali kuu, na kufikia 2000 walikuwa mmoja kati ya watano. Kisha wakapungua kidogo kabla ya kuongezeka tena.

Katika sayansi ya kompyuta, jirani wa uhandisi, anguko lilikuwa kubwa zaidi: kutoka asilimia 37 katikati ya miaka ya 1980 hadi chini ya 20 kufikia 2010. Kompyuta za nyumbani zilikuwa zimeuzwa kama vyombo vya wavulana, nao wakaingia chuoni wakijua kuandika programu. Wahadhiri wakauchukulia uzoefu huo kuwa kipaji.

Jane Margolis na Allan Fisher waliuchunguza mkanganyiko huu katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Chuo kikapunguza uzito wa uzoefu wa awali katika udahili, na kikaanzisha kozi za kuingilia kwa viwango mbalimbali vya ujuzi. Wanawake waliokuwa asilimia 7 ya walioanza masomo ya kompyuta mwaka 1995 wakawa asilimia 42 mwaka 2000. Mwaka 2016 walikaribia nusu.