Je, Wajua? Kichwa cha Kikaragosi Huanzia kwa Muuza Magodoro

Je, wajua kwamba vikaragosi wengi unaowaona kwenye runinga wana vichwa vya sponji ya poliyurethani, ileile unayoilalia? Kemia yake ilitoka Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937, kwa Otto Bayer na wenzake. Kiwandani kemikali hukutana na maji kidogo, hewa ya kabonidayoksaidi ikazaliwa ndani, mchanganyiko ukaumuka kama unga wa maandazi. Bonge likishapoa hukatwa mabapa.

Lakini si wote walioanza hivyo: Kermit wa kwanza, yule chura wa mchezesha vikaragosi Jim Henson, alishonwa mwaka 1955 kutokana na koti kuukuu la mama yake Henson. Macho yake ni mpira wa tenisi ya mezani uliokatwa vipande viwili.

Je, wajua uzito wa sponji si ugumu wake? Wauzaji wengi huyachanganya haya mawili, na wengine nadhani hufanya makusudi. Uzito huhesabiwa kwa kilo katika mita moja ya ujazo, nao hukuambia zaidi sponji itadumu kiasi gani. Ugumu ni nguvu inayotakiwa ili kuibonyeza robo ya unene wake. Kwa hiyo sponji nzito yaweza kuwa laini, na nyepesi ikawa ngumu. Mchezesha vikaragosi anahitaji iliyo nyepesi na inayorudi upesi ikiachiwa. Ikiwa ngumu, vidole vitachoka kabla ya onyesho kwisha. Ikiwa laini mno, mashavu yatabonyea. Godoro lililochoka lisikushawishi kwa sababu ni la bure: limeshapoteza nguvu ya kujirudi.

Vichwa vingi havichongwi kutoka kwenye bonge. Huanza na bapa la nusu inchi, yaani kama sentimita 1.25. Ukingoni hukatwa pembetatu kadhaa, kingo zikagundishwa pamoja, na bapa likajikunja lenyewe kuwa fuvu.

Gundi ya fundi viatu ndiyo inayofaa. Paka pande zote mbili, subiri ikauke kiasi cha kutonata kidoleni, ndipo uunganishe. Ukikosea hapo hakuna kubandua. Fungua madirisha, maana mvuke wake ni sumu. Na usiipake kwenye lile povu jeupe linalokuja na televisheni mpya: huliyeyusha mbele ya macho yako.

Je, wajua kuna sponji isiyo na utando kabisa kwenye matundu yake? Kiwandani utando huo hulipuliwa kwa gesi au huondolewa kwa kemikali, ukabaki wavu mtupu unaopitisha hewa. Karakana za Marekani huipenda kwa wepesi wake. Huku kwetu ipo pia, ila imejificha: vichujio vingi vya hewa vya bodaboda ni sponji ya namna hiyo.

Vikaragosi wa siasa ni habari nyingine. Wale wa vipindi vya runinga, yaani wa Spitting Image ya Uingereza, wa Les Guignols ya Ufaransa, na wa XYZ Show iliyoanza Kenya mwaka 2009 kwa ubunifu wa mchora katuni Mtanzania Gado, ni wa mpira wa lateksi. Sura huumbwa kwanza kwa udongo na kutolewa kalibu. Lateksi ya povu hupigwa mpaka ijae hewa, ikamiminwa kwenye kalibu na kuokwa. Hunasa kila kunyanzi la mheshimiwa, lakini ni ghali na kazi yake ni ndefu. Anayeanza aachane nayo.

Ndala nyingi pia ni povu, aina ya EVA. Halibonyei vizuri kwa mdomo, ila kwa pua, kope na masikio ni zuri: lipashe moto, likunje, lishikilie mpaka lipoe, litabaki hivyo.

Jua huigeuza sponji kuwa ya njano, kisha huisaga kuwa unga. Kikaragosi asianikwe dirishani. Wala usiikate sponji kwa waya wa moto, kwani ikiungua hutoa sianidi. Kisu chenye makali sana kinatosha.

Kabla ya kununua bapa zima, pita kwa fundi makochi umwombe mabaki. Kibonyeze kila kipande kwa ngumi, uachie: kinachokawia kurudi, mrudishie.