Chupa ya Rangi ya Miaka ya 1930: Geuza Kitako Kwanza, Kisha Ulipe

Umeiona mtandaoni: chupa ndogo ya buluu, muuzaji yuko Marekani, na anasema ni ya wakati wa Mdororo Mkuu wa Uchumi. Anataka pesa leo, itumwe kwa "wakala" wake hapa Kenya, kwa sababu eti kuna mtu mwingine anaitaka. Tulia kwanza. Umri wa chupa husomwa kwenye chupa yenyewe, si kwenye maneno ya muuzaji.

Mdororo ulianza 1929 na ukasumbua watu karibu miaka 10. Wakati huo chupa hizi hazikuwa pambo. Za buluu zilibeba bidhaa kama Vicks VapoRub na dawa ya tumbo ya Phillips. Zilitengenezwa kwa mashine, kwa wingi, na nyingi zilitupwa zikiisha. Kwa hivyo uzee peke yake haufanyi chupa kuwa ghali.

Kabla ya kulipa, omba picha 3:

1. Kitako. Kampuni ya Owens-Illinois ilianza 1929. Alama yake ya zamani ni umbo la almasi lililopishana na umbo la yai, na herufi I katikati. Namba ya kushoto huonyesha kiwanda, ya kulia mwaka. Lakini angalia: 4 inaweza kuwa 1934 au 1944.

2. Mshono. Kwenye chupa ya mashine, mstari wa kalibu hupanda ubavuni mpaka mdomoni. Ukiishia shingoni, huenda chupa ni ya zamani zaidi.

3. Rangi, ikipigwa picha kwenye mwanga wa mchana. Zambarau iliyokolea sana itilie shaka. Kioo cheupe cha zamani chenye manganizi hugeuka zambarau kidogo kikikaa juani miaka mingi, na wapo wanaokipiga mionzi ili kikolee haraka.

Kama ni chupa ya pombe ya Marekani, tafuta maandishi kwamba sheria inakataza kuiuza au kuitumia tena. Yaliwekwa kuanzia 1935 hadi 1964. Yakiwepo, chupa si ya 1930 hata muuzaji akiapa.

Sasa upande wa pesa. Lipa kupitia soko la mtandaoni linalomlinda mnunuzi, usitume kwa namba ya mtu usiyemjua. Uliza mapema gharama ya usafirishaji na ushuru, maana kioo ni kizito na huvunjika. Kama chupa iko hapa nchini, ishike mkononi ndipo ulipe. Soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka PIN. Lisipolingana na la muuzaji, katiza. Weka ujumbe wa uthibitisho, na PIN yako usimpe mtu yeyote, hata anayesema anapiga simu kutoka kwetu.

Muuzaji akikataa kugeuza chupa akupige picha ya kitako, basi pesa zako zibaki kwa simu yako.