Mamilioni ya Mets, machungu yetu washabiki

Masikini akishindwa mchezoni hurudi nyumbani na udhuru wake mkononi, lakini tajiri akishindwa hana la kuwaambia watu. Mimi ni mshabiki wa huyo tajiri. Timu yangu ni New York Mets, ya mchezo wa besiboli, na mapenzi hayo niliyapata miaka niliyoishi Queens, upande ule wa jiji la New York ulipo uwanja wao. Tangu nirudi Mombasa nawafuata kwa intaneti. Mechi ikianza kwao saa moja na dakika kumi jioni, kwetu huwa ni saa nane usiku, saa ambayo wengi wetu huijua kwa daku tu.

Kwa asiyeujua, mchezo huu ni jamaa wa mbali wa kriketi. Mmoja huurusha mpira, wa upande wa pili huungoja kwa gongo, na akiupiga hukimbia kuzunguka vituo vinne. Ligi kuu ya Marekani ina timu 30, na kila moja hucheza mechi 162 kwa msimu, kisha zilizo bora huingia katika mchujo wa kumtafuta bingwa. Kwa hivyo mshabiki huishi na timu yake karibu kila siku kwa miezi sita, kama jirani wa ukuta mmoja. Akikohoa, wamsikia.

Mets walianza mwaka 1962, na msimu huo wa kwanza walishindwa mechi 120. Hata hivyo watu waliwapenda, maana walikuwa wanyonge, na mnyonge husamehewa. Mwaka 1969 wakatwaa ubingwa, watu wakauita muujiza. Wakautwaa tena mwaka 1986. Tangu hapo hadi msimu wa 2025 kumalizika, hawakuuona tena.

Mwaka 2020 timu ilinunuliwa na bilionea Steve Cohen kwa kiasi cha dola bilioni 2.4. Alitamka hadharani kwamba wasipopata ubingwa katika miaka mitatu hadi mitano, atasikitika kidogo. Sisi tuliomsikia tulishangilia. Tulidhani dhiki imekwisha.

Mwaka 2022 walishinda mechi 101, wakatolewa na San Diego Padres katika hatua ya kwanza ya mchujo. Cohen akafungua mfuko zaidi. Warushaji wawili mashuhuri, Max Scherzer na Justin Verlander, kila mmoja akawa analipwa zaidi ya dola milioni 43 kwa mwaka. Msimu wa 2023 ulipoanza, Verlander alikuwa ametimiza miaka 40 na mwenzake 38. Mishahara ya timu nzima ilipita dola milioni 330, kiasi ambacho hakikuwa kimeonekana katika mchezo huo, na juu yake ikatozwa kodi ya matumizi makubwa ya takriban dola milioni 100.

Matokeo yake? Walishinda mechi 75, wakashindwa 87. Kabla msimu haujaisha, wazee wote wawili waliuzwa, na Mets wakabaki kulipa sehemu kubwa ya mishahara yao. Scherzer alikwenda Texas Rangers, nao wakawa mabingwa mwaka huo huo! Msimu huo Baltimore Orioles walishinda mechi 101 na Tampa Bay Rays 99, ilhali mishahara ya kila moja ya timu hizo haikufikia hata theluthi ya ile ya Mets.

Kweli, bahati nayo iliwapa kisogo. Edwin Díaz, mrushaji wao wa kufunga mechi, aliumia goti Machi 2023 akishangilia ushindi wa nchi yake, Puerto Rico, akakosa msimu mzima. Lakini jahazi haliendi kwa tanga la hariri. Lataka mbao zilizotiwa kalafati, na mabaharia waliozoeana.

Huenda msomaji akauliza, fedha zote hizo zashindwaje? Jibu limo katika sheria za mchezo wenyewe. Kijana hufungwa na klabu yake kwa misimu sita katika ligi kuu kabla ya kuwa huru kujiuza. Basi anayeletwa sokoni aghalabu ana miaka 30 au anaikaribia, na anunuaye hulipia sifa za jana. Wenye kulea vijana hupata miaka yao bora kwa bei ndogo.

Juan Soto alikuwa tofauti. Mwaka 2024 alitia sahihi mkataba wa miaka 15 kwa dola milioni 765 akiwa na miaka 26 tu, naye hakutuangusha, kwani mwaka 2025 alipiga mipira 43 ya kuvuka uzio. Juni 12 Mets walikuwa wameshinda mechi 45 na kushindwa 24, hakuna aliyewazidi. Kuanzia hapo wakashinda 38 na kushindwa 55. Siku ya mwisho, Septemba 28, walichapwa 4-0 na Miami Marlins, timu ya mishahara midogo, na nafasi ya mwisho ya mchujo ikawaendea Cincinnati Reds. Kidole kimoja hakivunji chawa, hata kikivishwa pete ya mamilioni.

Hilo ndilo linaloniuma. Fedha haikutuletea ubingwa, na juu ya hayo imetunyang'anya udhuru. Zamani tukishindwa tulisema hatuna kitu, tukacheka, tukasameheana. Leo tukilalamika barazani twaambiwa, mlikuwa na kila kitu!

Na fedha ikishaahidiwa hairudi. Bobby Bonilla aliichezea Mets kwa mara ya mwisho mwaka 1999, lakini kwa mapatano ya kuahirisha malipo, kila Julai mosi tangu 2011 hulipwa karibu dola milioni 1.2, na ataendelea hivyo hadi 2035. Mkataba wa Soto wafika 2039. Sisi washabiki hatuna mkataba. Hatulipwi tukikaa, wala hatuuzwi tukichoka.