Sanduku la uyoga: giza lenyewe ni kazi

Wengi mmetuuliza sokoni na baada ya ibada kwa nini uyoga tuliowaahidi haukuonekana. Tuseme ukweli: mwanga ndio uliotushinda. Tena si mwanga wa dirisha, ni ule unaopita kwenye tundu la msumari.

Pesa ya likelemba ya zamu moja nzima tuliiweka kwenye mbegu ya pleroti, ule uyoga wa kijivu unaoota kama masikio kwenye mti mkavu. Hapa Bukavu parsele zetu ni ndogo, na nyumba ya uyoga hatuna. Kwa hiyo tulipigilia sanduku la mbao za zamani kwenye kona ya nyumba ya mwenzetu, urefu wa kifua cha mtu, tukalizungushia karto. Mabua ya maharage na majani makavu ya migomba tuliyakatakata, tukayaloweka, tukayachemsha kwenye pipa muda wa saa mbili, tukayaacha yapoe na yachuje maji. Tukajaza mifuko 12, mbegu ikichanganywa katikati. Upande huo tulifanya vizuri.

Mbegu ya uyoga si kama mbegu ya mahindi. Kwanza inatandaza nyuzi nyeupe ndani ya mfuko, na kazi hiyo haihitaji mwanga hata kidogo. Ikiona mwanga, inadhani imefika nje, inaanza kutoa vichwa. Sisi siku ya kumi na mbili tulikuta vichwa vidogo kama vya kibiriti, vyote upande mmoja wa mifuko, ule unaotazama mlango. Nusu nyingine ya mfuko ilikuwa bado mabua matupu. Vile vichwa vilikauka, na kwenye ile nusu tupu ukaingia ukungu wa kijani. Mifuko 7 tuliitupa chini ya migomba. Mama mmoja alilia, na hatukumlaumu, maana zamu ile ilikuwa yake na alikuwa ameikopesha kundi.

Kabla ya kujaribu tena tulitafuta mwanga unaingilia wapi. Saa sita mchana tulimfungia ndani dada mwembamba kuliko wote, akiwa na chaki. Tulimwambia asiseme kitu kwanza. Macho yanahitaji dakika kama kumi kuzoea giza, na ukitazama mara tu unapoingia, utaapa hakuna tundu. Kisha akaanza kupiga alama. Alitoka akicheka, akasema ameona nyota kuliko za usiku wa kiangazi. Kama sanduku lako halimtoshi mtu, subiri usiku, weka tochi ya simu ndani, zima taa na ulizunguke.

Kwenye kona, karto zilikuwa zinakutana ukingo kwa ukingo. Sasa tunazipandisha moja juu ya nyingine kwa upana wa kiganja, na juu yake bashi nyeusi iliyokunjwa mara mbili. Mlango ndio ulikuwa mbaya zaidi, hasa upande wa bawaba na chini. Tuliupigilia vipande vya blanketi kuukuu pande zote, ili ukifunga uwe unabana nguo. Msitumie uji wa unga wa muhogo kama gundi, kama tulivyofanya sisi mara ya kwanza. Mende waliula, na pale uliposhika unyevu ukaota ukungu. Misumari midogo na skochi vinatosha.

Tulitaka kuziba kila kitu, mama mmoja anayefuga vifaranga akatukataza. Uyoga unapumua, na mifuko inatoa joto yenyewe. Ukiifungia kabisa itaiva kama kwenye chungu. Hapo ndipo tulipofikiri sana. Mwanga unakwenda moja kwa moja, hewa inajua kupiga kona. Tulitoboa tundu moja chini kushoto na moja juu kulia. Mbele ya kila tundu, kwa ndani, tuliweka karto ya pili ikiacha nafasi ya vidole viwili, wazi kwa mwisho mmoja tu, na katikati tukabandika kitambaa cheusi ili mwanga usiruke ukutani. Dada aliingia tena na chaki. Alirudi na chaki nzima.

Mifuko ya pili ilikuwa 10, tukaiachia nafasi ya mkono kati ya mmoja na mwingine. Baada ya wiki tatu na siku chache yote ilikuwa meupe kama iliyopakwa chokaa. Kutoka hapo giza halifai tena: ukiuacha humo utapata miguu mirefu na vichwa kama vifungo. Tuliitoa mahali penye hewa na mwanga wa kutosha kusoma, mbali na jua, tukaichana na kunyunyiza maji asubuhi na jioni. Watoto wasilale chumba hicho, kwa sababu vumbi la uyoga uliokomaa linaleta kikohozi. Na kikiota kitu usichokijua kwenye mfuko, tupa, usionje.

Mavuno ya kwanza yalirudisha deni la yule mama, na yakabaki ya kupika na sombe. Mifuko bado inatoa. Alhamisi sanduku litakuwa wazi baada ya mkutano. Anayetaka kujifunza alete kitambaa cheusi cha zamani na misumari yake.